Mgeni wa Tanga tumpe sababu ya kulala

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wenzangu wa Jiji la Tanga, hasa wale wanaoshika funguo za vivutio vyetu. "Waja leo waondoka leo" tumeigeuza sifa na utani, lakini mtu aliyetoka Dar es Salaam Ijumaa na anatakiwa kazini Jumatatu halazimiki kuondoka leo. Ana siku mbili kamili. Je, siku hizo mbili tunamfungulia nini?

Nasema kumfungulia kwa maana yake hasa. Hivi karibuni shemeji yangu alikuja na wanawe, nikawapeleka kwenye jengo moja la kale ambalo sitalitaja. Jumapili, saa nne asubuhi, kufuli mlangoni. Mama anayeuza karanga jirani akatuambia mwenye ufunguo huja siku za kazi. Watoto wakachungulia dirishani, tukapiga picha ukutani, tukaenda zetu kula. Shemeji hakulalamika, ila aliniuliza kama Pangani ni mbali.

Nisieleweke kuwa hatuna cha kuonyesha. Mapango ya Amboni peke yake yanatosha asubuhi nzima. Ni kama kilomita nane tu kutoka mjini, unashika barabara ya Horohoro kisha unakata kuingia Kiomoni. Mwongoza wageni anawasha tochi, mnainama kupita penye uwazi mwembamba wa mawe, na mara mnajikuta mmesimama ndani ya ukumbi ambao dari yake hamuioni vizuri. Harufu ya popo inawapokea kabla ya popo wenyewe. Maji yameichonga miamba ya chokaa kwa miaka mingi hata kila mtu anaona chake: huyu kochi, yule meli, mwingine mamba. Kuna na kona ya mzimu, ambako wanaokwenda kuomba huacha marashi na ubani. Watoto wa shemeji, waliokuwa wakipiga kelele tangu getini, walinyamaza pale bila kuambiwa. Huko nawapongeza wahusika, maana tulikuta mtu, tiketi na tochi yenye mwanga wa kutosha. Anayekwenda avae viatu visivyoteleza.

Alasiri mgeni apelekwe Tongoni, upande wa pili wa mji, njia ya Pangani. Kuna gofu la msikiti na makaburi zaidi ya 40 ya Waswahili wa kale, baadhi yakiwa ya nguzo, ingawa nguzo nyingi zimeshaanguka. Sogea karibu utazame: kwenye chokaa kuna vishimo vya mviringo vilivyopachikwa bakuli za kauri kutoka Uchina. Bakuli zenyewe hazipo, zimebaki alama zake. Na ni kwenye mafungu ya bahari hiyohiyo, mwaka 1499, Vasco da Gama aliichoma moto meli yake ya São Rafael, kwa kuwa mabaharia aliobaki nao hawakutosha kuendesha meli zote tatu. Pasipo mtu wa kuyasimulia haya, mgeni anaona mawe tu, na dakika kumi zinamtosha.

Raskazone tunakwenda kuogelea. Wangapi kati yetu tunamwambia mgeni kwamba Novemba 1914 Waingereza waliteremsha huko jeshi kutoka India, watu wapatao 8,000, wakidhani mji watauchukua kirahisi? Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck, pamoja na askari wao Waafrika, hawakuzidi sana 1,000, lakini waliwarudisha wenzao melini wakiwa wameacha bunduki na risasi chungu nzima. Nyuki waliochokozwa na mapigano waliuma pande zote mbili, hawakuuliza nani ni wa nani. Matembezi ya saa mbili kutoka ufukweni hadi eneo la stesheni, yakiongozwa na kijana anayeijua habari hii, mgeni atayalipia. Vijana tunao, wamekaa maskani na simu zao.

Silikanti nimemwacha makusudi. Ni fahari yetu, na hifadhi yake ya bahari ipo tangu 2009, lakini yule samaki anaishi kilindini na hawezi kumtumbuiza mgeni wa Jumamosi.

Ninachohofia ni barabara ya pwani inayojengwa kutoka Bagamoyo kupitia Saadani na Pangani. Wengi mjini wanaisubiri wakiamini itatuletea watu. Itawaleta, ila kwa wanaotoka Dar, Pangani itakuwa mbele yetu, ina fukwe na ina mto, na aliyeshaweka begi lake chini huko hana haja ya kuja kutazama makufuli.

Kwa hiyo ombi langu si la fedha nyingi. Sehemu za kihistoria zilizo chini ya mamlaka za umma, na hata zile za watu binafsi, zifunguliwe Jumamosi na Jumapili, wahudumu wapumzike Jumatatu na Jumanne. Penye mlinzi mmoja tu, namba ya simu ya ofisi ibandikwe mlangoni. Stendi ya Kange liwekwe bango la nauli ya bajaji hadi Raskazone, Amboni na Tongoni, kwa sababu mgeni anayetajiwa bei tatu tofauti kabla hajatoka stendi huanza safari akiwa amenuna, na dereva mwaminifu ndiye anayekosa abiria.

Msomaji wako,
Mkazi wa Chumbageni, Tanga