Gripu ya 60D kwenye 70D: nikate mnara au niiuze?

Ndugu Mshauri,

Salaam. Mimi ni mpiga picha wa harusi na sendofu hapa Tanga. Nina jambo linanizungusha kichwa na kila ninayemuuliza ana jibu lake, kwa hiyo nimeona nikuandikie wewe.

Ni habari ya gripu, kile kishikio kinachofungwa chini ya kamera. Kinabeba betri mbili, na kina kitufe chake cha kupigia picha unapoisimamisha kamera wima. Ninayo ya Canon 60D. Haikutengenezwa na Canon, ni zile za Kichina zisizo na jina, lakini imenitumikia bila manung'uniko. Bahati mbaya shata ya 60D, ile pazia ya ndani inayofunguka na kujifunga kila unapopiga picha, imekufa, na fundi akaniambia gharama ya kuweka shata mpya inakaribia bei ya kamera nzima ya mtumba. Basi mimi na shemeji yangu, kaka yake mke wangu, ambaye yeye anachukua video, tukachanga tukanunua 70D iliyotumika. Sasa gripu haina kamera, kamera haina gripu, na hivyo viwili havikubaliani.

Ukivitazama juu juu unaona vinapaswa kukubaliana. Betri ni ileile, LP-E6 ya volti 7.2. Lakini 60D ya mwaka 2010 Canon waliipa gripu ya BG-E9, na ilipotoka 70D mwaka 2013 wakaja na BG-E14. Baada ya hapo wakatulia: 80D na 90D zote zinatumia BG-E14 hiyohiyo. Yaani ukiwa na BG-E14 umevuka kamera tatu, ukiwa na BG-E9 umebaki na 60D yako.

Utaniuliza kwani lazima gripu? Kwa sherehe za huku, ndiyo. Bibi harusi ni picha ya wima, kuanzia mtandio mpaka ncha ya gauni, na wazazi na mashangazi wote wanataka kusimama naye mmoja mmoja. Bila gripu kiwiko kinabaki juu muda wote huo, na ukiwa na lenzi nzito na flashi juu, bega linalia. Halafu 70D ndiyo kamera ambayo Canon walianzia ile teknolojia yao ya Dual Pixel, inayofuata sura ya mtu vizuri wakati wa kurekodi, kwa hiyo wateja wanataka na vipande vya video. Video inakula betri. Flashi ina betri zake, haiidai kamera kitu, lakini kioo cha nyuma kikiwaka mfululizo betri moja haifiki kwenye keki.

Nimefanya nini mpaka sasa? Nimeondoa kifuniko cha betri cha kamera, kinachomoka bila kuvunja kitu. Gripu ina mnara, ile sehemu inayoingia ndani ya chumba cha betri, na kichwani mwake kuna pini zinazokutana na pini za kamera mahali ambapo betri ingekaa. Mnara unaingia. Tatizo ni kitako. Kuna ukingo wa mbele wa gripu unaogonga mwili wa kamera kabla mnara haujafika juu. Ili nione unagonga wapi hasa, nilifunika kitako cha kamera kwa selotepu, nikaupaka ukingo mashizi ya mshumaa, nikabana, nikatoa. Pale palipoacha weusi kwenye selotepu nikajua ndipo. Nikaufungua mnara wenye nyaya nikauweka kando, nikaanza kuondoa plastiki kwa tupa bapa, nikimalizia na msasa laini. Kamera nilikuwa nimeihifadhi chumba kingine, maana unga wa plastiki ukiingia kwenye kioo cha ndani au kwenye sensa, kile kibao kinachopokea picha, ni balaa jingine. Tundu la skrubu ya robo inchi, ile inayokaza kwenye tundu la stendi, nalo nililipanua kidogo kwa tupa ya mviringo.

Sasa inafunga. Inakaza. Ukiishika haichezi. Na ukiwasha, kamera inawaka na alama ya betri inaonekana. Nilifurahi, lakini kwa muda mfupi. Ukipiga kwa ulalo, hakuna neno. Ukiisimamisha wima, mara inazima, inawaka tena, mara inaleta ule ujumbe wa kwamba kuna hitilafu ya mawasiliano na betri na kuuliza kama betri ina nembo ya LP-E6. Betri ni halisi, zinafanya kazi nje ya gripu bila shida yoyote. Ninavyoelewa mimi, upande mmoja wa mnara haujafika juu sawasawa, pini zinagusa kwa kubahatisha, na uzito wa lenzi ukihama zinaachana. Kamera ikikatika umeme wakati inaandika kwenye kadi, picha inaweza kupotea, hata kadi yenyewe ikaharibika. Huwezi kumwambia shehe arudie kuozesha.

Fundi simu wa jirani yangu, mtu mwenye mkono mwepesi sana wa kuchomea, ana mawazo mawili. La kwanza, aongeze tone la risasi, ile ya kuchomelea nyaya, juu ya pini za mnara ili zinyanyuke. La pili, tusage ukingo wa kamera yenyewe, "milimita mbili tu, kaka, hakuna atakayeona." La pili nimelikataa palepale. Gripu ni yangu, nitaifanya nitakavyo. Kamera nusu ni ya shemeji. La risasi ndilo linalonitia wasiwasi zaidi kwa sababu linavutia: ni kazi ya dakika chache. Lakini risasi ni laini, nadhani itabonyea baada ya kufunga na kufungua mara kadhaa, na pini zile ziko jirani mno. Likisambaa kidogo zikagusana, tunazungumzia betri mbili za lithiamu zilizojaa chaji.

Kuna njia nyingine ambayo nimeijaribu mezani. Kamera hii ina tundu la rimoti ubavuni, la jeki ya milimita 2.5, lile lenye maandishi ya E3 kwenye rimoti zake. Ncha ya jeki ni shata, pete ya kati ni fokasi, shina ni ethi, yaani njia ya pamoja ya kurudisha umeme. Kitufe cha gripu kwa ndani ni swichi mbili zinazobonyezwa kwa zamu. Niliunga nyaya tatu kutoka kwenye kitufe mpaka kwenye jeki, nikachomeka. Ukibonyeza nusu inafokasi, ukibonyeza mpaka mwisho inapiga. Kila mara, bila kukosea, kamera ikiwa na betri yake tumboni.

Kwa hiyo naweza kukata mnara wote, nikairudisha gripu kama kishikio chenye kitufe cha wima na kawaya kadogo kanachopita ubavuni. Bega langu litapona. Lakini betri mbili sitakuwa nazo, na kila betri ikiisha itabidi nifungue skrubu, nitoe gripu, nibadilishe, nifunge, huku MC anaita watu wa kukata keki. Nimefikiria kutoboa dirisha kwenye gripu ili kifuniko cha betri kifunguke kikiwa palepale, ila nahofia itabaki dhaifu, na ndiyo inayobeba kamera nzima nikiiweka kwenye stendi.

Na jambo la kukata halirudi nyuma. Kuna kijana anayo 60D nzima, ameniomba nimuuzie gripu hii. Ukingo nilioupunguza haumsumbui, tulijaribisha kwake ikafanya kazi. Fedha anayotoa haifiki bei ya gripu ya 70D, lakini ni mwanzo.

Shemeji anasema niuze, tuongeze, tuagize inayostahili, basi. Kwa hesabu za kawaida huenda ana haki, hasa ukizingatia kwamba tukihamia 80D au 90D gripu itatufuata. Ila msimu wa harusi umeshaanza na fedha ya kuongeza tumeipanga kwenye lenzi. Isitoshe yeye yuko kwenye stendi sherehe nzima, kiwiko chake hakijui habari ya wima. Hilo sijamwambia. Angekuwa mdogo wangu ningeshamwambia, lakini shemeji ni shemeji.

Ninachoomba kwako ni haya. Kuna namna salama ya kuzinyanyua pini za mnara bila kutumia risasi, labda kwa kuusogeza mnara wenyewe juu kwa kipande cha plastiki chini yake, au hilo nalo litazilemea pini za kamera? Na kwa uzoefu wako, jeki ya 2.5 inayochomekwa ubavuni usiku kucha katikati ya watu wanaosukumana inadumu, au italilegeza tundu na kunitia kwenye deni kwa shemeji? Kama majibu yote mawili ni mabaya, niambie tu niuze. Yule kijana nimemwomba asubiri, na fedha yake sijaipokea.

Ahsante, na kazi njema.

Mpiga picha,
Tanga