Maneno yetu katika habari zao: barua kwa swahiba aliyeko Uingereza

Magomeni, Dar es Salaam

Swahiba wangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko. Baada ya salamu, natumaini u mzima wa afya na kwamba masomo yanakwenda vyema. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu, na bado anakuita mwanangu kama alivyokuwa akikuita tulipokuwa tukitoka shule pamoja. Barua yako niliipata wiki mbili zilizopita, na nimechelewa kuijibu kwa sababu swali lako halikustahili jibu la haraka. Uliandika kwamba mhadhiri wenu amewapa kazi ya kuchambua jinsi vyombo vya habari vya Magharibi vinavyouandika "ulimwengu wa Kiislamu", na kwamba katika mjadala wewe, Mkristo uliyekulia Magomeni, ulijikuta ukiwasemea majirani zako mbele ya watu ambao hawajawahi kuishi karibu na msikiti. Kisha ukaniuliza, kwa kuwa nimekaa miaka mingi kwenye dawati la habari za kimataifa: je, watu hawa wanawachukia Waislamu?

Chuki ipo kwa baadhi yao, sitakuficha, lakini sidhani kama ndiyo inayoendesha kazi ya kila siku. Baada ya kufasiri taarifa zisizo na idadi, nimefikia kuamini kwamba kosa kubwa limo katika maneno, na linaloniuma zaidi ni kwamba sisi wafasiri tumelichukua kosa hilo na kuliingiza katika Kiswahili, lugha ambayo ilikuwa na kila uwezo wa kulirekebisha.

Nikueleze lililonifungua macho. Tarehe 24 Machi 2021 mji wa Palma, katika mkoa wa Cabo Delgado nchini Msumbiji, ulivamiwa. Palma iko karibu na Mto Ruvuma, ambao ndio mpaka wetu, na watu wa Mtwara wana ndugu na wakwe upande wa pili. Hata hivyo habari yake ilinifikia mezani kwa njia ya mashirika yenye makao Paris na London. Taarifa zile zilieleza kwa kirefu juu ya mafundi wa kigeni waliokwama hotelini na juu ya mradi wa gesi wa kampuni ya Total, ingawa vita hiyo ilikuwa imeanza tangu Oktoba 2017 huko Mocímboa da Praia na ilikuwa imekwisha kuwahamisha mamia ya maelfu ya watu ambao majina ya vijiji vyao hayakuwa yameandikwa popote. Nilifasiri kama nilivyozoea, nikaweka kichwa cha habari kisemacho "Wapiganaji wa Kiislamu wavamia Palma", nikakabidhi ukurasa na kwenda nyumbani.

Kesho yake mzee mmoja wa Mikindani alipiga simu ofisini akamtaka aliyeandika. Hakufoka. Aliniambia kwamba mkewe ni Mmwani wa upande ule, kwamba shemeji zake wamekimbilia porini na watoto, kwamba waliokimbia ni Waislamu na wengi wa waliochinjwa ni Waislamu, na kwamba mimi, mtu mwenye jina la Kiislamu, nimewapa wauaji jina la dini ya wale waliowaua. "Umewavika kanzu yetu," alisema. Sikuwa na la kumjibu.

Nilirudi kwenye taarifa ya Kiingereza nikaisoma neno kwa neno, na hapo ndipo nilipoona nilipoteleza. Kiingereza kina maneno matatu: la kwanza, *Muslim*, ni la mtu anayefuata dini, la pili, *Islamic*, ni la mambo ya dini yenyewe, kama vile sala au usanifu wa misikiti, na la tatu, *Islamist*, ambalo kwa maana yake ya leo ni jipya kuliko hayo mawili, ni la mtu au chama kinachotafuta madaraka kwa jina la dini. Neno hili la tatu lina lawama zake, kwa maana hutumika kwa chama kinachoshiriki uchaguzi na hutumika vilevile kwa kundi linalokata watu vichwa. Lakini walau msomaji wa Kiingereza anaweza kuhisi kwamba si sawa na lile la kwanza. Sisi tumeyatia yote matatu katika chungu kimoja: "wa Kiislamu". Na wewe unajua vyema kazi ya kile kiambishi *ki* katika lugha yetu. Mavazi ya Kihindi ni mavazi kwa namna ya Wahindi, chakula cha Kimakonde ni chakula kama wanavyokipika Wamakonde. Basi "mpiganaji wa Kiislamu" kwa sikio la Mswahili ni mtu anayepigana kama Uislamu unavyotaka kupigana. Shirika la Paris halikusema hivyo. Nimesema mimi.

Tazama sasa jinsi tulivyomtendea Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa Uganda. Jeshi lake, LRA, lilibeba jina la Bwana, yeye mwenyewe alidai kuongozwa na roho na kutaka kutawala kwa Amri Kumi, na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitoa hati ya kumkamata mwaka 2005. Lakini kila gazeti la Dar es Salaam liliandika "waasi wa LRA". Hakuna mhariri aliyefikiria kuandika "wapiganaji wa Kikristo", na tulifanya vyema, kwa sababu wahanga wa kwanza wa Kony walikuwa Waacholi Wakristo waliokuwa wakienda kanisani kila Jumapili. Akili hiyo ya kutenganisha mtu na dini yake tunayo. Tunachagua tu pa kuitumia.

Ukitaka mfano wa kuwaonyesha wenzako darasani, wape maneno matatu ya nyumbani kwetu. Neno la kwanza ni sheria. Katika habari za Magharibi neno hili, kwa umbo la "sharia", huja pamoja na mijeledi na mawe. Kwetu ni Kitivo cha Sheria, sheria ya usalama barabarani na sheria kumi na saba za mpira wa miguu, na mzizi wake ni uleule. Siku hizi magazeti yetu yameanza kuandika "sharia" kwa *a* pale yanapotaka kutisha na "sheria" kwa *e* pale yanapomaanisha Bunge. La pili ni madrasa, ambako kila jioni watoto wa mtaa wetu walikuwa wakipita na juzuu kifuani huku wewe ukiwasubiri barazani wamalize ili mcheze rede. Nililikuta neno hilo katika taarifa za kuanzia mwaka 2001 likiwa na maana ya kiwanda cha kutengeneza magaidi. La tatu ni jihadi, ndugu wa damu wa juhudi na jitihada. Kuhusu hili sitaki upambe ukweli: vitabu vya fiqhi, yaani elimu ya sheria za dini, vina milango mizima juu ya vita, na atakayekuambia kwamba jihadi ni kujitahidi moyoni peke yake anakupunja. Lakini anayekuambia kwamba ni kuua peke yake anakupunja zaidi.

Usidhani kwamba woga huu ulianza na televisheni. Mwaka 1908, muda mfupi baada ya Vita vya Maji Maji, ilionekana huko Lindi na kwingine mwambaoni barua iliyosemekana imetoka Makka, ikiwaonya Waislamu kwamba mwisho wa dunia umekaribia na kuwataka warejee katika ibada. Barua za namna hiyo zilikuwa zikinakiliwa na kupitishwa mkono kwa mkono katika nchi nyingi, kama ujumbe tunaotumiwa leo kwenye simu wenye agizo la kuusambaza kwa wengine. Maofisa wa Kijerumani waliisoma wakaona njama ya uasi. Walikuwa na wakalimani, walikuwa na nakala ya barua mkononi, na bado walisoma hofu yao wenyewe. Nimelifikiria sana tukio hilo, kwa sababu linaonyesha kwamba taarifa inaweza kuwa sahihi kila herufi na bado ikaeleweka kinyume, ikiwa anayeipokea alikwisha kuamua inasema nini.

Hukumu hiyo ya haraka ndiyo iliyoonekana Oklahoma City, Marekani, jengo la serikali lilipolipuliwa kwa bomu tarehe 19 Aprili 1995. Kabla vifusi havijapoa, wachambuzi wa televisheni walikuwa wakielekeza kidole Mashariki ya Kati, na Mmarekani mmoja mwenye asili ya Jordan aliyekuwa safarini alizuiliwa na kuhojiwa. Aliyewaua watu 168 alikuwa Timothy McVeigh, askari wa zamani wa jeshi la Marekani. Oslo mwaka 2011 ilikuwa hivyohivyo, na muuaji wa watu 77 alikuwa mwenyeji wa Norway aliyewachukia Waislamu.

Lakini bomu ninalolikumbuka mimi ni la hapa. Ilikuwa Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998, asubuhi, na wanaume walikuwa wakijiandaa kwa sala ya Ijumaa. Balozi mbili za Marekani, ya Nairobi na ya kwetu, zilipigwa kwa pamoja; watu 224 walikufa, 213 kule na 11 hapa. Miongoni mwa wale kumi na mmoja wa Dar es Salaam hakuwamo Mmarekani hata mmoja, na majina yao ni ya Waislamu na Wakristo kama yalivyo majina ya watu katika daladala yoyote. Siku zilizofuata nilisoma taarifa nyingi za nje, na nyingi zilieleza tukio kuwa ni ugomvi kati ya Uislamu na Marekani, miji yetu ikiwa kama uwanja uliokodishwa. Tarehe 20 Agosti Marekani ikapiga kwa makombora Afghanistan na kiwanda cha dawa cha Al-Shifa huko Khartoum, ikidai kwamba kiwanda hicho kilihusika na silaha za kemikali. Ushahidi wa kuridhisha wa dai hilo haukuwahi kuwekwa hadharani. Hivyo maiti wa Ilala na Temeke, ambao wengine walizikwa kwa sanda na kuombewa dua, walihesabiwa katika upande mmoja wa vita, na Waislamu wa Khartoum waliokosa dawa wakahesabiwa katika upande mwingine.

Nataka pia uwatendee haki hao unaowachambua. Tarehe 26 Mei 2004 wahariri wa New York Times waliwaandikia wasomaji wao kukiri kwamba habari zao kadhaa juu ya silaha za Iraq, kabla ya uvamizi wa Machi 2003, hazikuchunguzwa kwa ukali uliostahili. Ungamo hilo lilikuja wakati watu wengi walikwisha kufa, lakini lilikuja, na sijui ni magazeti mangapi ya kwetu yamewahi kufanya hivyo. Wala tusijifanye kwamba uovu wote umetungwa na waandishi. Huko Garissa, tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi, na wauaji walikuwa wakiwatenga Wakristo na Waislamu; aliyekuwa akiandika kwamba dini haikutajwa pale alikuwa akiwadhulumu marehemu. Desemba ya mwaka huohuo, karibu na Mandera, abiria Waislamu walikataa kutenganishwa na wenzao Wakristo basi lao lilipotekwa. Habari hiyo pia ilitangazwa na mashirika hayohayo ya Magharibi, ila ilikaa siku moja ikaondoka.

Jambo jingine ninaloliangalia sana sasa ni vitenzi. Tangu Oktoba 2023 Israel imewazuia waandishi wa nje kuingia Gaza kwa uhuru, na kazi yote imebebwa na waandishi wa Kipalestina, na miongoni mwao idadi kubwa wameuawa. Nilipofungua majalada ya gazeti letu niliona kwamba upande mmoja tulikuwa tukiandika "wauawa" na upande mwingine "wafariki", kama kwamba hawa wa pili walipatwa na homa. Kiingereza huweza kulificha hilo kwa urahisi. Kiswahili hakifichi: ukisema mtu ameuawa, msikilizaji hungoja ile *na*, aambiwe ameuawa na nani, na mfasiri anayekimbilia "amefariki" anajua kwa nini anakimbia.

Kwa hiyo, ukiandika kazi yako, anza kwa kuuliza huo "ulimwengu wa Kiislamu" unaanzia wapi. Waarabu ni takriban mtu mmoja katika kila Waislamu watano. Indonesia peke yake ina Waislamu zaidi ya milioni 200. Uganda na Msumbiji, ambako Waislamu ni wachache, ni wanachama wa Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu, na Tanzania si mwanachama, ingawa Zanzibar ilijiunga ikajitoa mwaka 1993. Waulize wenzako kama baraza la nyumba yetu, ulipokuwa ukifuturu nasi kwa uji wa pilipili manga, lilikuwa ndani ya ulimwengu huo au nje yake.

Hapa kwetu nimeandika karatasi moja nikaibandika juu ya meza, na mhariri amekubali tuifuate: tutaje kundi kwa jina lake, tutaje aliyeua na aliyeuawa, na "wa Kiislamu" tuyaachie mambo ya dini. Usiku ukurasa unapokaribia kufungwa bado tunateleza, kwa sababu taarifa huja imekwisha kuchagua maneno na dakika ni chache. Mzee wa Mikindani hutupigia mara kwa mara. Mara ya mwisho hakuwa na lawama. Alitaka kunisahihishia tahajia ya jina la kijiji cha mkewe, ambalo mashirika yote yalikuwa yameliandika kwa Kireno kibovu. Nilimwomba alitamke polepole, nikaliandika, na kesho yake likatoka kama alivyolitamka.

Niandikie ukishaisoma kazi yako mbele yao. Mama anasema usisahau kula.

Mimi swahiba wako,
wa Magomeni