Barua kwa mwanangu kuhusu mahindi yenye ukungu

Mwanangu Neema,

Uliniuliza kwenye simu kama saratani yangu ya titi ililetwa na mahindi, ukasema utaacha ugali kabisa. Nakujibu kwa barua ili usome taratibu.

Ule ukungu wa rangi ya waridi unaoshika mahindi shambani mvua zikichelewa kukatika ni fangasi wa jamii ya Fusarium. Hupenda baridi na unyevu kama wa huku kwetu Mbozi. Baadhi yao hutoa sumu iitwayo zearalenoni, ambayo mwili huipokea kama estrojeni, ile homoni ya kike. Nguruwe jike mdogo akilishwa mahindi hayo, uke wake huvimba kama anayetaka dume, na umri wake bado.

Huko maabara kuna seli za saratani ya titi ziitwazo MCF-7, zilizotoka kwa mwanamke wa Michigan, Marekani, zikatangazwa mwaka 1973. Hizo hustawi zikipata estrojeni. Zikiwekewa zearalenoni, nazo huongezeka.

Lakini seli za kwenye kisahani si mwanamke mzima, mwanangu. Mwaka 1993 IARC, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani, iliiweka sumu hii katika kundi la vitu ambavyo ushahidi hautoshi kusema vinaleta saratani kwa binadamu. Kwa hiyo sisemi mahindi ndiyo yaliyoniletea, na wewe usiwaambie watu hivyo.

Ila uvimbe wangu ni wa aina inayotegemea homoni. Kila siku nameza tamoksifeni izuie estrojeni isiushike. Sasa nimeze dawa asubuhi, halafu mchana nile kitu kinachojifanya estrojeni? Hilo siwezi.

Ugali kula. Moto wa jikoni hauiondoi sumu hii, basi kazi yote iko kabla ya mashine. Anika juu ya turubai, usihifadhi mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 13.5, uchambue punje zilizobadilika rangi. Kukoboa husaidia, maana sumu nyingi hubaki kwenye pumba. Mabovu yafukie. Nakusihi, usimpe nguruwe, wala asije mtu akayachukua kupikia komoni, kwani sumu hufika hadi kwenye pombe.

Na ukija Desemba tutakwenda wote kliniki ukapimwe matiti. Nimeshaongea na nesi.

Mama yako