Kwa nini upinde, si bunduki

Missouri, Mei

Kwa Baba Neema, ndugu yangu,

Salamu nyingi kutoka huku, na shikamoo zangu umfikishie Mama. Sisi tu wazima. Mvua za masika ya huku zimekolea na nyasi zinakua kuliko ninavyowahi kuzikata.

Yale maswali yako ya kwenye simu nimekaa nayo. La kwanza: mtu anayeweza kununua bunduki dukani, anaendaje msituni na upinde? La pili uliliuliza kwa kusitasita, nami nikasikia uzito wake. Sisi tumekulia Voi, ukingoni mwa Tsavo. Uwindaji Kenya ulipigwa marufuku mwaka 1977, na tumelelewa tukijua kuwa anayeua mnyama wa porini ni mwizi wa mali ya wote. Sasa imekuwaje mimi nawinda bata mzinga, tena kwa furaha?

Niruhusu nianze na hilo la pili.

Mwanzoni mwa karne ya 20 bata mzinga wa porini walikuwa karibu kutoweka Marekani. Misitu ilikatwa, na watu waliwaua kwa ajili ya soko bila kipimo chochote. Hapa Missouri uwindaji wao ulifungwa mwaka 1937, na hata hivyo kufikia mwanzo wa miaka ya 1950 walikuwa wamebaki elfu chache, wengi wao wamejibanza kwenye vilima vya Ozark. Kwanza walijaribu kufuga vifaranga na kuwaachia porini. Haikufaa. Kifaranga asiyelelewa na mama yake msituni hamjui mwewe wala mbweha, akaliwa. Kilichofaa ni kuwakamata ndege wa porini wenyewe. Nafaka inamwagwa mahali peupe, watu wanajificha, ndege wakishajikusanya wavu mkubwa unarushwa juu yao kwa baruti, kisha wanasafirishwa na kuachiwa kwenye msitu usio na ndege. Missouri ilianza kazi hiyo mwaka 1954, na mwaka 1960 ikaweza kufungua tena msimu wa uwindaji. Leo Marekani nzima ina mamilioni yao.

Fedha zilitoka wapi? Sehemu kubwa kwa wawindaji. Sheria ya mwaka 1937 iliagiza kodi ya bunduki ndefu na risasi, ambayo leo ni asilimia 11, irudi kwa wanyamapori, na miaka ya 1970 pinde na mishale nayo ikaingizwa. Juu ya hapo kuna kibali ninacholipia. Msimu ni wa wiki chache, jike asiye na ndevu kifuani, yale manyoya yanayoning'inia kama nywele, haguswi wakati huu wa kutaga, na ukiua lazima utoe taarifa kwa idara ya wanyamapori siku hiyohiyo kabla ya saa nne usiku. Sisemi Kenya ifungue uwindaji. Tembo si bata mzinga, na historia yetu ni nyingine kabisa. Ninachosema ni kwamba ndege huyu yuko hapa kwa sababu watu waliotaka kumwinda walikubali kwanza kumlipia na kumsubiri. Na kazi haijaisha, maana ukilinganisha na mwanzo wa miaka ya 2000 idadi yao hapa imeshuka, vifaranga wengi hawafiki ukubwani. Hilo linaniuma sana.

Sasa upinde.

Bata mzinga hana pua ya maana, lakini macho yake, ndugu yangu! Yamekaa ubavuni mwa kichwa, kwa hiyo akigeuza shingo kidogo tu ameona pande zote. Anaona rangi vizuri. Ukipandisha kidole kujikuna amekuona, na akikuona hakupi nafasi ya pili. Mwenye bunduki anaelekeza mtutu mapema, anatulia, anampiga akiwa hata mita 35. Mwenye upinde anatakiwa amwache aje chini ya mita 20, na ndege akishafika hapo ndipo yeye aanze kusogeza mkono wake wote ili avute upote. Uwindaji mzima uko kwenye mvuto huo mmoja.

Kwa hiyo natumia kihema cha kujifichia, kile cha kukunjua. Nimekiweka pembeni mwa uwanda wa mzee jirani, kwa ruhusa yake. Kulungu hukishuku kihema kipya kwa siku kadhaa, lakini bata mzinga hakijali hata ukikisimamisha asubuhi hiyohiyo. Ndani navaa nyeusi mpaka glovu, na madirisha ya nyuma nayafunga yote, maana mwanga ukipenya mgongoni kwangu kivuli changu kinaonekana. Upinde wangu ni wa kisasa, una kapi kwenye ncha zake. Ukishauvuta hadi mwisho, kapi hizo zinabeba uzito na mkono wako unabaki na robo ya nguvu hivi, au hata chini ya hapo. Bila hivyo nisingeweza kuushikilia huku nikisubiri ndege ageuke.

Nikueleze asubuhi moja ya mwezi uliopita. Unaingia gizani, kwa sababu wao hulala juu ya miti na kukipambazuka tu wanaanza kulia. Bundi alilia bondeni, na dume mmoja akamjibu papo hapo kutoka kwenye mwaloni, ule mlio wao wa gologolo unaokutikisa kifua. Nikangoja. Nikasikia mabawa, wakishuka. Nina kijisanduku cha mbao ambacho ukisugua kifuniko chake juu ya ukingo kinatoa sauti ya jike. Nilisugua mara chache tu, taratibu, kisha nikanyamaza. Wengi huharibu hapo kwa kuita mno. Kwa kawaida jike ndiye humfuata dume, kwa hiyo dume anayesikia jike haji bado yuko na mashaka, na ukizidi kuita anasimama palepale akingoja yeye afuatwe.

Huyu alikuja. Mbele ya kihema nilikuwa nimesimamisha sanamu ya jike, hatua kama kumi hivi kutoka kwangu. Alipoiona akajitutumua, mkia ukafunguka wote, mabawa yakaburuza nyasi mpaka nikasikia kwaru-kwaru yake. Kichwa chake kina ngozi tupu, na rangi inabadilika ukiwa unatazama. Utosi mweupe, mashavu ya buluu, shingo nyekundu kama pilipili iliyoiva. Juu ya mdomo kinaning'inia kinyama laini ambacho akitamba kinarefuka. Kwa bunduki nisingeona hata nusu ya haya. Akazunguka sanamu polepole, na kuna wakati akanipa mgongo, mkia wote uliotandazwa ukakinga kichwa chake. Hapo tu ndipo hanioni. Nikavuta.

Mahali pa kulenga ni padogo, kama ngumi ya mtu mzima, maana manyoya yanamdanganya mtazamaji na mwili halisi uko ndani sana. Akiwa ubavu, unalenga pale bawa linapoungana na bega. Akikupa mgongo mkia ukiwa wazi, unalenga pale manyoya ya mkia yanapoota. Mshale wa huku hauna sumu, sheria inakataza. Unaua kwa kukata, kwa hiyo chembe, ile ncha ya mshale, lazima iwe kali kama wembe, na kama hujaona nafasi iliyo safi huachii. Mara nyingine nimeshusha upinde na dume akaondoka zake, na sikusikitika. Ndege aliyejeruhiwa anaweza kuruka akafie mahali usipomfikia, na hilo mimi naliona ni dhambi. Asubuhi hiyo nafasi ilikuwa safi. Hakwenda mbali.

Kumbeba kutoka msituni unamfunga kitambaa cha rangi ya chungwa, ili mwindaji mwingine asidhani ni ndege hai. Kwa sababu hiyohiyo hatuvai nyekundu, nyeupe wala buluu msituni masika, na hatunyemelei mlio wa dume, maana anayelia anaweza kuwa mtu.

Nyama ya kifua tulikula na majirani. Mapaja ni magumu, ndege amekimbia nayo maisha yake yote, kwa hiyo Mama Juma aliyachemsha kwa saa nyingi kisha akayaunga kwa nazi, tukala na wali. Laiti ungekuwepo.

Manyoya ya mabawa nimeyahifadhi. Huku tangu zamani ndiyo hutumika kutia mabawa kwenye mishale ya mbao, kwa kuwa ni magumu na yanaushikilia mshale usiyumbe. Nataka nijaribu kujitengenezea mishale, na hapo ndipo ninapokuomba msaada. Yule mzee wa Kiwaata, wale wawindaji wa zamani wa Tsavo, anayekaa karibu na stesheni, aliyetusimulia tukiwa wadogo kuhusu pinde ndefu za wazee wake, bado yupo? Kama yupo, mpelekee sukari na majani ya chai kwa niaba yangu, umuulize walikuwa wakitumia manyoya ya ndege gani, na waliyafunga kwa nini: kwa kano au kwa utomvu? Akikubali mrekodi kwenye simu, maneno yake mwenyewe, usimkatize hata akienda mbali na swali. Nitumie sauti hiyo kabla ya Septemba, maana hapo ndipo msimu wa upinde wa vuli unapofunguliwa.

Wasalimie wote nyumbani.

Ndugu yako,
Baba Juma