Risala ya wazazi wa watoto wenye selimundu kwa Mganga Mkuu wa Wilaya

Mheshimiwa mgeni rasmi, madaktari, manesi, wazazi wenzangu, asalaam aleykum, Bwana Yesu asifiwe, karibuni sana kwenye siku yetu hii ya tarehe 19 Juni, siku ya selimundu duniani, huu ugonjwa wa damu wa kurithi tunaouita pia sikoseli.

Mgeni rasmi, ukituangalia hapa utaona kina mama tumejaa na kina baba wa kuhesabu, na sababu tunaijua. Siku ya majibu mama ndo anakuwepo kliniki, anaambiwa mtoto ana sikoseli, ni ya kurithi, rudi wiki ijayo, basi, foleni ndefu anaitwa mwingine. Anarudi nyumbani na hilo neno kurithi, ukweni wanasema kwetu huo ugonjwa haupo kauleta yeye. Mimi ninayesoma hapa nilirudishwa kwetu mwanangu akiwa na mwaka na nusu.

Baadae sana daktari mmoja kijana akanivutia kiti, akachora maduara mawili kwenye karatasi, huyu baba huyu mama, akasema mama, hii imetoka kwenu wote wawili, kila mimba nafasi ya mtoto kuwa na ugonjwa ni moja kati ya nne, wewe hujakosea kitu. Hata dakika kumi hazikufika. Nililia palepale. Ile karatasi nikampelekea mama mkwe, akaiangalia weee, akanyamaza, wiki iliyofuata akaja kumuona mjukuu wake.

Na kuna hili la maumivu jamani. Seli nyekundu za damu zikijikunja kama mundu zinaziba mishipa, mtoto analia mifupa usiku kucha ila kidonda cha kuonyesha hana, tukifika tunaambiwa anadeka, wale wakubwa wanaambiwa wamezoea sindano. Mtoto akiambiwa hivyo mara moja tu, safari ijayo anaficha mpaka anazidiwa kabisa. Hili linatuuma kuliko hata dawa kuisha.

Tunawaona mnavyokesha, wagonjwa wengi nyie wachache, kwa hiyo tunaomba vitu vinavyowezekana: siku ya majibu baba na mama waitwe pamoja, na kwenye raundi mkishaongea Kiingereza chenu pale kitandani mtuambie na sisi kwa Kiswahili hata maneno mawili, na mtoto akisema inauma aulizwe kwanza inauma wapi.

Ile karatasi ya maduara tumeitoa kopi, ipo kwenye bahasha yako pamoja na risala hii.

Naomba kuwasilisha.