Sikai, Nimepita Tu: Salamu za Idi kutoka Maskati

Ndugu zangu, majirani, wenzangu wa skuli na nyote mliobaki nyumbani, Idi Mubaraka. Mwenyezi Mungu atutakabalie ibada zetu, awarudishe mahujaji wetu salama, na aliye kitandani amnyanyue.

Najua salamu zimechelewa. Siku ya kwanza simu yangu ilipokea picha 41 za mwezi mchanga na kandili. Tatu kati ya hizo zilikuwa ile ile moja, imezunguka kwa watu watatu, nikaona haya kuipeleka kwa wa nne. Nikasema nitaandika mwenyewe nikitulia. Na Idi kwani imekwisha? Takbira za baada ya sala zinaendelea mpaka alasiri ya mwezi 13 Mfungo Tatu, yaani Dhulhija. Halafu huku tumeandamiwa siku moja kabla yenu, kwa hiyo kwa hesabu ya nyumbani hata sijachelewa sana. Mjadala wa mwezi nawaachia wenyewe, mimi nimekula Idi kwa mwandamo wa mwenyeji wangu.

Mnajua nilikuwa Dubai kwa kazi ya wiki mbili. Ofisi zilipofungwa kwa sikukuu nikajiona mpumbavu kukaa peke yangu chumba cha hoteli na mkate wa kufungwa kwenye plastiki, nikapanda basi kwenda Maskati kwa shoga yangu. (Wa bara msicheke. Kwetu Unguja shoga ni rafiki wa kike wa mwanamke, basi.) Tulikaa dawati moja tangu darasa la kwanza, yeye ndiye aliyekuwa akiniazima kifutio na kukidai kwa nguvu. Ameolewa huku mwaka wa 14 sasa. Basi linavuka mpaka kwa Hatta, kisha linafuata pwani ya Batinah, mitende upande huu na bahari upande ule, Sohar mpaka Seeb. Zaidi ya kilomita 400.

Basi nimeshuka, nimefikishwa mtaa wa Al Khoud, nimesimama mlangoni na sanduku langu la magurudumu, nimebisha hodi. Mkwewe shoga yangu, bibi wa miaka sabini hivi, ametokeza na kanga yake, nami nimeshika mkono wake nikaubusu. Shikamoo, marahaba, Idi Mubaraka. Ananiambia karibu ndani. Ulimi wangu, wallahi sikuutuma, ukasema ulivyozoea kusema kila Idi: "Ahsante Bi Mkubwa, sikai, nimepita tu."

Akaniangalia mimi, akaliangalia sanduku.

"Umetoka Dubai kwa basi, umepita tu? Unakwenda wapi mwanangu, Karachi?"

Nyumba nzima ilicheka, hata mtoto aliyekuwa amelala akaamka. Akanivuta mkono. "Vua buibui, weka mkoba. Hapa hupiti, hapa umefika."

Ilikuwa jioni ya siku ya pili, siku ya mishikaki, na moshi wa mkaa ulikuwa umetanda mtaa mzima. Siku ya kwanza huku ni ya arsiya baada ya sala, wali uliopondwa na nyama mpaka ukawa kitu kimoja, ukamiminiwa samli. Aliyekula bokoboko hahitaji kuelezwa, tofauti ni mchele badala ya ngano. Lakini ninayotaka kuwasimulia ni siku ya tatu, ambayo sikufanya lolote.

Nasema kweli, sikufanya lolote. Nje ilikuwa nyuzi 44, na ukifungua mlango joto linakupokea kama umefunua sufuria. Hakuna aliyezungumzia kutoka kabla ya jua kushuka. Asubuhi tulikaa chini kwenye zulia, yakaja matunda, ikaja halua kwenye bakuli, ya zafarani na maji ya waridi, bado ina uvuguvugu, kisha kahawa ya iliki. Mmiminaji alikuwa mtoto wa shoga yangu, miaka 11, kavaa kanzu mpya yenye kishada shingoni, birika mkono wa kushoto na vikombe kulia. Kila nikimrudishia kikombe ananijazia tena. Sikutaka kuonekana sina adabu, nikanywa. Kufika kikombe cha saba moyo unanidunda kama ngoma, ndipo akaniinamia akaninong'oneza: "Khala, ukitosheka kitikise." Kumbe unakitikisa kidogo kulia na kushoto ndipo mtu ajue umekwisha. Mama yake alikuwa anajua muda wote. Alikuwa amejificha nyuma ya mto anacheka.

Bi Mkubwa alikaa pembeni yangu anashona kofia. Huku wanaiita kumma, wanaume wote wanaivaa, lakini mkono ni ule ule wa kwetu, tundu moja moja inazungushiwa uzi mpaka ua litokee. Alikuwa na kitambaa cheupe cha duara na sindano nyembamba, anashona bila kutazama. Aliondoka Unguja mwaka 1964 akiwa na miaka tisa. Wakapitia Mombasa, wakakaa Dubai ilipokuwa bado mji mdogo, na Sultan Qaboos aliposhika nchi Julai 1970 akawaita Waomani walioko nje warudi, ndipo baba yake akawaleta Maskati. Haya aliyasema kwa sentensi mbili tatu, kama mtu anayetaja vituo vya daladala, kisha akauliza anachotaka kujua kweli: "Na Mnazi Mmoja, watoto bado wanakwenda sikukuu?"

Nikamwambia wanakwenda. Nikamweleza vyakula vinavyouzwa, na majumba ya mpira yanayojazwa upepo watoto wakaruka ndani. Hilo la majumba ya mpira halikumpendeza. Alitaka bembea. Nikasema bembea zipo pia, akaendelea kushona.

Mkabala wetu alikaa ami wa nyumba ile, mdogo wa marehemu mume wa Bi Mkubwa. Huyu hajawahi kuishi Unguja. Amezaliwa na kukulia Buyenzi, Bujumbura, walikokuwa wazee wake na duka, na Kiswahili chake kina njia zake. Alianza kisa cha ujana wake, jinsi alivyokuwa akiendesha ikinga kando ya Ziwa Tanganyika. Watoto wakamkatiza: ikinga ni nini? "Baskeli," akasema Bi Mkubwa bila kuinua macho. "Miaka hamsini namwambia ni baskeli." "Na mimi miaka hamsini," akajibu, "nafika niendako kwa ikinga." Akapokea kahawa yake akasema mersi. Mle chumbani kulikuwa na Kiswahili cha Unguja, cha Bujumbura, Kiarabu cha Oman, na watoto wanaochanganya vyote na katuni za Kiingereza juu yake, na hakuna aliyehitaji mkalimani.

Saa saba ikaingia gari kutoka kijijini, njia ya Nizwa. Harufu ilitangulia kabla ya wanaume wenyewe. Ilikuwa shuwa. Nilikuwa nikiisikia tu jina, sasa nikapewa na maelezo yake na vijana waliokuwa na masizi mpaka kwenye kope. Nyama ya siku ya kwanza inapakwa viungo, pilipili, bizari nyembamba, karafuu, mdalasini, iliki, thomu na siki, inafungwa kwa majani ya mgomba, inatiwa kwenye mfuko uliosukwa kwa makuti ya mtende. Kijijini lipo shimo moja la watu wote, nao wanaliita tannur, tanuri letu hilo hilo. Kuni zinawashwa humo mpaka zibaki makaa, kila nyumba inatumbukiza mfuko wake wenye alama yake ili usije kuchukua wa jirani, kisha linafunikwa na kusiribwa udongo, hata moshi usipate pa kutokea. Limefukuliwa siku ya tatu. Nikauliza, na kama moto ulizimika huko chini? Kijana akacheka: "Hakuna wa kuchungulia. Unangoja tu."

Nyama ilipowekwa juu ya sinia la wali ilitengana na mfupa kabla hatujaigusa. Sitaieleza zaidi, mkiwa na njaa mtanichukia. Nitasema tu kwamba kabla hatujanawa, Bi Mkubwa alipakua sahani tatu, moja ya mtunza bustani wa jirani, mtu wa Bangladesh ambaye naye yuko mbali na kwao kama mimi. Nyama ya Idi ni thuluthi ya wenyewe, thuluthi ya jamaa na majirani, thuluthi ya wenye haja. Tumefundishwa chuoni sote. Ila mimi nimezoea kuiona nyama ikitolewa mbichi kwenye mfuko, mlangoni, mbio mbio. Yule bibi aliipeleka sahani kwa mkono wake katika jua lile, akakawia huko, akarudi na habari kwamba binti wa yule bwana amefaulu mtihani.

Baada ya kula watu walilala. Pale pale kwenye mazulia, mmoja hapa mmoja pale, mito kichwani, kiyoyozi kinavuma. Sikumbuki mara ya mwisho nililala mchana wa Idi. Labda nilipokuwa na miaka minane, na nguo mpya, baada ya kutapika aiskrimu.

Sikulala mara moja. Nilikuwa nawaza zile nyumba 19. Mwaka jana siku ya Idi pili nilizihesabu, nyumba 19 kutoka asubuhi mpaka isha, na usiku nikajisifu kwamba sikumsahau mtu. Kila nyumba funda la juisi, sambusa moja, "watoto hawajambo?", "sikai, nimepita tu". Tumekuwa kama watoto wanaokusanya mkono wa Idi, hodi, sarafu, nyumba inayofuata, isipokuwa mtoto mwisho wa siku ana kitu mfukoni.

Nyumba ya sita mwaka jana ilikuwa ya ami yangu. Wengi mnamjua. Alinishika mkono kama kawaida, halafu akaupandisha mkono wake akanishika uso, paji, pua, shavu. Nikadhani ni mapenzi ya uzee. Nikakaa dakika nne kwa sababu teksi ilikuwa inangoja. Baada ya wiki mbili ndipo nikaambiwa na mtu wa mbali kabisa kwamba macho ya ami yamefunga. Alikuwa ananisoma kwa vidole ajue nani ameingia, na mimi nilikuwa natazama saa.

Nilimsimulia Bi Mkubwa jambo hili alipoamka. Hakunipa pole wala waadhi. Alinipa ile kofia niishike, akaniambia nifumbe macho niipitishie vidole. Tundu ndogo ndogo, pembeni uzi umeinuka kidogo, na baada ya muda ukiwa na subira unaliona ua. "Mimi pia macho yananiacha," akasema. "Nashona nikiwa bado naona, ili mikono izoee."

Alasiri ilipopoa kidogo tukaenda pwani ya Seeb. Nusu ya mji ilikuwa huko. Wavulana wanacheza mpira kwenye mchanga uliokauka, maboti ya wavuvi yamepandishwa juu, kina mama na machupa ya chai ya maziwa. Shoga yangu na mimi tukatembea pembezoni mwa maji, viatu mkononi, tukisema upuuzi. Tulimkumbuka mwalimu wa hesabu aliyekuwa akipiga chafya kabla ya kuchapa. Ananidai kifutio mpaka leo. Jua lilipozama tulisimama tukapiga simu nyumbani, na nyinyi mkatwambia jua bado halijazama, ndio kwanza mnajiandaa kutoka. Watoto wakashangaa sana. Wakataka kuongea na watu ambao bado wana mchana.

Kesho napanda basi kurudi Dubai kumaliza kazi, na Jumamosi ijayo naingia Unguja kwa ndege ya asubuhi. Idi itakuwa imekwisha kwa hesabu zote, za huku na za huko. Mnaokaa na ami, tafadhali msomeeni maneno haya, na mumwambie uwanja wa ndege nitashuka na sanduku langu nije kwake moja kwa moja. Nina kopo la halua ya zafarani na kofia aliyotumiwa na bibi asiyemjua, imebaki safu moja tu ya kumalizia, anaishona usiku huu. Msinipikie kitu. Kahawa nitaichemsha mwenyewe, na teksi nitairudisha.