Risala ya Klabu ya Midahalo kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kupambana na Dawa za Kulevya Duniani, Juni 26

Ndugu Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya. Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Kwa heshima kubwa tunakukaribisha shuleni kwetu, hapa Temeke. Majuma mawili yaliyopita klabu yetu ilijadili hoja isemayo: "Mraibu wa dawa za kulevya anastahili kifungo kuliko tiba." Waliounga mkono walieleza kwamba mraibu huiba nyaya, sufuria na simu, na kwamba mtaa unaoibiwa kila usiku hauna budi kulindwa. Hatukuibeza hoja hiyo, maana baadhi yetu tumeibiwa.

Kilichotugeuza wengi ni maelezo ya jinsi methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, inavyofanya kazi. Heroini huisha nguvu baada ya saa chache, arosto, yaani mateso ya kuikosa dawa hiyo, ikaanza, na mtu akatoka kusaka kete nyingine kwa njia yoyote. Methadoni, inayonywewa mbele ya mhudumu, humtuliza mgonjwa siku nzima, akapata nafasi ya kula, kulala na kutafuta kazi. Wizi ule tunaoulalamikia, kwa sehemu kubwa, huzaliwa na arosto, na arosto haiponi kwa pingu. Serikali ililitambua hilo ilipoanzisha huduma hii Muhimbili mwaka 2011, kisha Mwananyamala na hapa Temeke.

Hatusemi muuza unga aachwe. Sheria ya mwaka 2015 na marekebisho yake ya 2017 yamemwekea adhabu inayofikia kifungo cha maisha, nasi tunaiunga mkono kwa moyo wote. Kinachotuumiza ni mwenye kete moja mfukoni kuhesabiwa sawa na mwenye shehena. Kaka wa mwenzetu, aliyekuwa mwezi wa nne kwenye dozi, alikamatwa katika msako kijiweni alikokwenda kudai ujira wake. Alikosa dozi siku tatu, na alipotoka aliurudia unga kabla ya kuirudia kliniki.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunaomba kadi ya kliniki iheshimiwe kituo cha polisi, ili mgonjwa apelekwe kunywa dozi hata kama kesi yake inaendelea. Tena lipo suala la nauli: dozi ni bure, lakini wengi huifuata kila siku, na asiye na kazi anayetoka Chamazi hulipa daladala kwenda na kurudi. Tunaomba huduma isogezwe kwenye vituo vya afya vilivyo karibu na makazi ya wagonjwa.

Tunaomba kuwasilisha.